Mche Tunauchangia, Mwaka wa Tatu Nani Analipa?

Tangu hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA (mkopo ambao mamlaka yetu ya maji imeuchukua kwa wawekezaji) ianze kuzungumzwa mwaka 2024, na hapo hapo stori za kaboni (kulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti) zikawa kila kijiwe cha kahawa, kuna maneno nayasikia sana kwenye magrupu yetu ya kupanda miti hapa Tanga, kwamba wakati wa kuchangishana elfu mbili mbili umeshapita, hela kubwa imeingia mjini, sisi watu wa kujitolea tukae pembeni tuwapigie wenzetu makofi. Wengine wanaongeza chumvi, wanasema hata hiyo tuliyokuwa tunachanga ilikuwa hela ya picha tu. Mi naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Ukifuatilia historia ya vikundi vilivyochangia kurudisha misitu utaona kitu kinachojirudia: hela ya kujitolea karibu siku zote imelipia ile nusu rahisi, yaani mche na siku ya kuupanda, halafu nusu ngumu, ile miaka miwili mitatu ya kumwagilia, kupalilia na kufukuza mbuzi, ikaachiwa mtu asiyelipwa. Na hiyo nusu ngumu ndiyo hela kubwa haiwezi kuigusa. Kwahiyo hatujapitwa na wakati, ila kuna bili tumekuwa tukiiruka.

Tuanze na hatifungani maana ndiyo inayochanganya watu. Ni shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, imeorodheshwa mpaka Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kwa kweli ni jambo la kujivunia kwa mji wetu. Ila neno "kijani" limewafanya watu wengi waone miti. Kumbe kazi yake kubwa ni miundombinu ya maji, mitambo na mabomba, vitu ambavyo mteja anafungua koki, anapata bili, analipa, na kwenye hizo bili ndiyo mwenye hatifungani anapata riba yake. Hiyo ni hela ya mkopo, lazima irudi na faida. Sasa mche wa mwaka mmoja juu ya mlima kule Muheza haumpelekei mtu bili. Hata ukiwa na nia njema vipi huwezi kumlipa mtu asilimia 13.5 kwa mche ambao bado hujui kama utafika kiangazi.

Kaboni nayo ni yale yale kwa mlango mwingine. Kanuni za biashara ya kaboni zimetoka 2022, kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, na watu wameona vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinapokea mabilioni, basi kila mwenye kiriba anaota dola. Lakini wale wa Katavi wanalipwa kwa msitu ambao upo, umesimama, wamekubali kutoukata. Njoo huku karibu, ukivuka Horohoro ukashuka pwani ya Kenya mpaka Gazi utakuta Mikoko Pamoja, mradi wa kijiji unaouza kaboni ya mikoko tangu 2013, umewaletea watu maji ya bomba na vitabu vya shule. Watu wa Tanga wanautolea mfano sana, sawa, ni mfano mzuri, ila angalia hesabu yake: hekta 117, na kati ya hizo 107 ni mikoko ya asili, 10 tu ndiyo ya kupandwa, tena kazi ya kupanda pale ilianza miaka ya 1990 wakati watafiti na wanakijiji wanajaribu jaribu tu, hakuna aliyekuwa anawaza kuuza hewa. Maana yake soko la kaboni linalipa tani zilizopimwa. Nani alilipa miaka yote kabla ya kipimo? Hapo ndipo pana shimo, na ni hapo hapo ambapo kwa miaka mia moja watu wa kujitolea wamekuwa wakichungulia bila kushuka.

Nasema miaka mia moja makusudi. Mwaka 1922 kule Kenya afisa misitu mmoja Mwingereza, Richard St. Barbe Baker, alikuta misitu imeliwa na mashamba, yakiwemo ya walowezi, na serikali yake haina bajeti ya kurudishia. Akaenda kwa chifu Josiah Njonjo, wakaitisha ngoma. Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda na ngoma ya kuvuna, kwahiyo safari hii ikawa ngoma ya miti. Vijana wakaja kwa maelfu, wakachaguliwa 50 wa kuanzia, wakala kiapo cha kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza miti popote wanapoikuta. Wakajiita Watu wa Miti, jina la Kiswahili kabisa, na jumuiya ilipofika Uingereza 1924 ilitumia tafsiri ya jina hilo hilo. Wengi wetu tunadhani haya mambo ya vikundi vya mazingira yameletwa na wazungu wa miradi, kumbe moja ya jumuiya za zamani kabisa duniani za kazi hii ilianza na jina letu, ngomani. Ila usisahau pia nani alitoa nini. Walowezi walipata ardhi, serikali ikaokoa bajeti, kijana akatoa mgongo wake. Kile kipengele cha "kuitunza" kilikuwa kwenye kiapo lakini hakikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Mfano wa pili ni wa mbali zaidi na ndiyo nadhani tumeuiga bila kujua. Mwaka 1941 kule California vikundi vya raia pamoja na idara ya misitu ya Marekani walianzisha mpango unaoitwa Penny Pines, na jina limetokana na mche wa msonobari kuotesheka kwa senti moja hivi wakati huo. Klabu za bustani, shule, mpaka vikundi vya kushona vikawa vinatoa mchango wa dola 68 kwa kila shamba la miti, na kiwango hicho hicho cha dola 68 kimeendelea miaka nenda rudi. Ukisoma haraka haraka unasema aah, dola 68 tu na msitu huo! Hapana bwana. Nyuma ya ile dola 68 kuna idara nzima yenye vitalu vyake, wataalam wa udongo, magari, watu wa kupanda na bajeti ya kurudi kukagua, na mchango ulikuwa unafidia sehemu tu ya gharama halisi. Mchangiaji alikuwa na haki ya kulipa mche tu akaenda zake nyumbani kulala kwasababu kulikuwa na mwingine ameajiriwa kumalizia. Sisi tumechukua nusu ya mbele ya mfano huo, "changia mche mmoja", tukaipeleka mahali ambapo nusu ya nyuma haipo. Halafu tunashangaa.

Aliyelitatua hili vizuri kuliko wote niliowasoma ni Wangari Maathai. Wote tunamjua kwa Nobeli ya 2004 ila watu wachache wanaongelea uhasibu wake, na mimi naona uhasibu ndiyo ulikuwa akili yake kubwa. Green Belt, harakati yake ya kupanda miti, ilianza 1977 chini ya baraza la wanawake la Kenya, siku ya kwanza walipanda miti saba tu pale Kamukunji, Nairobi. Baadae wanawake wakaanzisha vitalu vyao wenyewe, na malipo yakawekwa hivi: mwanamke anapata hela kidogo, senti chache za dola, kwa kila mche ulioshika baada ya kutoka kitaluni. Siyo mche uliopandwa, mche ulioshika. Yaani siku ya kupanda, siku ya wageni na hotuba, haina malipo kabisa, hela inakuja miezi mingi baadae mtu anapokuja kuhesabu vilivyo hai. Kitu kidogo hicho kikageuza kila kitu, maana mama aliyepanda akawa na sababu ya kubeba ndoo ya maji mwezi wa nane. Wahisani kutoka Norway na Umoja wa Mataifa walikuja kuongezea nguvu miaka ya 80, na harakati hiyo imefikisha zaidi ya miti milioni 50.

Kwetu Tanzania historia ina ladha tofauti kidogo kwasababu serikali ilipenda kuja na kampeni kabla vikundi havijajikusanya vyenyewe. Wazee wetu wanakumbuka Misitu ni Mali ya mwaka 1980, watu wanakaa kuzunguka redio wanasikiliza kipindi halafu wanajadili, mtoto wa damu moja na ile Mtu ni Afya ya 1973. Ilikuwa nzuri kwa kufundisha, ila redio haimwagilii. Kitu kilichofanya maajabu kilitokea Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) tangu 1986, ambapo kwa sehemu kubwa hawakupanda chochote, walirudisha mila ya ngitili tu, unafunga eneo la malisho, vichipukizi vinainuka vyenyewe, na ardhi iliyorudi kijani ikafika mamia ya maelfu ya hekta. Kwa mchango wa miche usingeweza kufika huko hata kama nchi nzima ingechanga. Kilichogharamiwa pale ni makubaliano na ulinzi, sungusungu na mikutano, vitu ambavyo havina sura ya kuweka kwenye bango.

Na hapa Tanga hatuhitaji kwenda mbali kuona hela kubwa inavyoweza kujigeuka. Miaka ya 1970 na 80 msaada wa Ufini ulikuwa unasaidia uvunaji wa magogo Usambara Mashariki, kisha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ufini hiyo hiyo ikawa inafadhili uhifadhi wa misitu ile ile, mpaka Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa 1997. Siwalaumu sana, walijifunza, na kujifunza siyo dhambi, ila mkulima wa kule juu alitazama gari la mradi likipanda na msumeno na baadae likipanda na miche, na yeye yuko pale pale. Na siyo kila mche ni baraka, muulize mtu wa Amani kuhusu Maesopsis, mti ulioletwa tangu enzi za Mjerumani, unaota haraka, ukaonekana mkombozi wa kuziba mapengo, sasa umejisambaza ndani ya msitu wa asili na kuwa mgeni asiyeaga. Kwa sasa wanaonivutia ni wakulima wa bonde la Zigi wenye umoja wao, UWAMAKIZI, maana mto Zigi ndiyo unaojaza bwawa la Mabayani na Mabayani ndiyo koki yako wewe wa Ngamiani hapa mjini. Pale uhusiano unaonekana kwa macho, mkulima wa juu akiacha kulima mpaka ukingoni mwa mto, tope linapungua huku chini.

Pwani nako kulikuwa na mpango wa miaka 13, kuanzia 1994 hadi 2007, wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga kwa hela ya Ireland, na ndani yake vijiji vya Kipumbwi na Sange kule Pangani vikakaa vikaandikiana makubaliano ya mikoko, nani akate boriti, wapi, nani alinde. Nautaja kwasababu mikoko ndiyo sasa hivi kila grupu linaitaka, inaota matopeni, picha zinatoka kali, mbegu ya mkoko ni ndefu, ina umbo la kalamu, unaichomeka tu hata kiriba hakihitajiki. Ndiyo maana inadanganya.

Nitoe la kwangu moja tu. Miaka kadhaa nyuma kikundi chetu kilienda kuchomeka mbegu za mkoko sehemu moja nje kidogo ya mji, maji yakiwa yametoka mbali, uwanja wa tope umenyooka hauna hata kijiti, tukasema hapa ndipo penyewe, pako wazi, hapana usumbufu. Mzee mmoja alikuwa anarekebisha nyavu zake pembeni, tukamwamkia, akaitikia, akatuangalia muda mrefu halafu akasema "wanangu, hapo tangu nazaliwa hapajawahi kuota mkoko". Tulicheka kwa heshima tukaendelea. Baada ya bamvua mbili, yale maji makubwa ya mwezi, tulirudi wanne. Miche iliyobaki imelala, mwani umejisokota kwenye shingo zake kama kitambaa, mingine imefukiwa na mchanga imebaki ncha, na kaa wanapita juu yake kama hawaioni. Mzee alikuwa sahihi na wala hakuwa na uchawi wowote. Mikoko inajipanga kwa maji, mpia uko mbele unapigwa na mawimbi, mkoko nyuma yake, mkandaa juu kidogo, mchu unakaa hata kule kwenye chumvi karibu na nchi kavu, na uwanja ulio mtupu mara nyingi ni mtupu kwa sababu zake. Siyo sisi peke yetu, Sri Lanka watafiti walikagua maeneo 23 yaliyopandwa mikoko wakakuta 9 hayana hata mche mmoja ulio hai. Nikaenda kuangalia daftari la mshika fedha wetu: fulana, Coaster, bango, maji ya chupa, chakula, miche. Fulana zilikula hela kuliko miche, na mstari wa kurudi kuangalia haukuwepo kabisa. Ile safari ya wanne tulijilipia nauli.

Sasa kuna hoja nataka nizipime. Ya kwanza ni ile ya "hela ya picha", na hii siipingi sana, nimetoka kuisimulia mwenyewe. Ila anayeitumia kusema vikundi vife anaruka hatua, maana tatizo liko kwenye hicho tunacholipia, na daftari linarekebishika. Ya pili inasema misitu ni kazi ya serikali, TFS, wakala wa serikali wa misitu, ipo, mikoko yote ni hifadhi tangu enzi za Mwingereza, raia anajiingiza kwenye nini? Hii ina ukweli mzito kuliko watu wanavyokubali, kupanda mikoko bila kuzungumza na TFS na serikali ya kijiji ni kupanda kwenye uwanja wa mwenzio, lakini Sheria ya Misitu ya 2002 yenyewe imefungua mlango wa usimamizi shirikishi, na Mfuko wa Misitu upo wa kusaidia miradi midogo, kwahiyo sheria haijamfukuza raia, imemtaka aingie kwa mlango wa mbele. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, inayosema acheni kupanda, lindeni tu, msitu utarudi wenyewe, angalieni ngitili. Hapo mi nakubali nusu na zaidi. Penye mizizi hai na mbegu jirani, kupanda ni kupoteza hela. Kuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa ambayo yanachohitaji ni kubomoa tuta ili maji yapite, mbegu zitakuja na maji zenyewe. Lakini kwenye mlima uliolimwa miaka 40 hakuna kisiki kilichobaki cha kuchipua, hapo lazima mtu apande na lazima mtu akae.

Dhaifu kuliko zote ni hiyo niliyoanza nayo, kwamba hela kubwa imeingia kwahiyo mchango mdogo hauna kazi. Hela kubwa ina masharti ya umri. Hatifungani inataka kitu kinachoingiza bili, kaboni inataka msitu unaopimika, mradi wa mhisani unataka ripoti ndani ya kipindi chake. Mche kati ya mwezi wa kwanza na wa 36 haufai kwa yeyote kati yao, ni kama mtoto ambaye hajafika umri wa shule na hanyonyi tena, nani anakaa naye mchana? Elfu mbili yangu haina masharti hayo. Haidai riba wala ripoti, inaweza kumlipa kijana wa pale pale kijijini apite mara mbili kwa wiki, anunue miiba ya uzio, abadilishe mche uliokufa. Ni hela pekee sokoni inayoweza kuvumilia kutokuonekana.

Ukikubali hivyo basi mambo mengi yanabadilika kwenye vikao vyetu, na siyo yote yatapendeza. Kwanza namba zitashuka, badala ya kutangaza miche elfu kumi tutatangaza mia tano, na mfadhili wa fulana atakuuliza mbona kidogo. Tarehe 1 Aprili, siku ya kupanda miti kitaifa, haitakuwa tena kilele cha mwaka wetu, kilele kitakuwa kiangazi, siku ya kuhesabu, siku ambayo hakuna kiongozi anayependa kualikwa. Mtu wa kulipwa itabidi awe wa kijiji chenye msitu wenyewe, na mara nyingi atakuwa mama ambaye alikuwa anaifanya kazi hiyo bure na sisi tunaita "ushirikishwaji", kwahiyo tukae naye tukubaliane bei kama tunavyokubaliana na fundi. Msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo, ni wa watu wanaoishi pamoja na watakaokula pamoja matunda ya kazi, huwezi kutoka Raskazone na gari ukamwitisha mtu wa mlimani msaragambo halafu saa nane ukarudi mjini.

Juzi nilipeleka hili kwenye grupu, nikapendekeza mchango wa msimu huu ugawanywe, robo miche, robo tatu mtunzaji wa miezi 24, alipwe kwa ulioshika. Kukawa kimya kidogo, halafu emoji za makofi, halafu dada mmoja akauliza sasa siku yenyewe tutavaa nini. Mshika fedha akajibu kwa ujumbe wa sauti, nusu dakika nzima, kwamba wazo ni zuri sana na litaingia kwenye ajenda ya mwakani, maana fulana za mwaka huu fundi ameshapewa advansi.